Dakika Kumi za Mzee Narcisse

Adele Kotsin alikuja kujulikana kaskazini nzima kwa kuhesabu wanyama, lakini kazi ya kwanza aliyopewa na serikali ilikuwa ya mdomo. Alikuwa na miaka ishirini, amerudi kijijini Kwetsoti kutoka shule ya bweni ya mjini Yellowknife. Katika watu mia nne wa kijiji kile hakukuwa na kijana mwingine aliyejua Kiingereza cha vitabu na bado akaweza kukaa na wazee wa Kidene, wenyeji wa asili wa nchi ile ya barafu, akacheka pale pale wanapocheka wao. Baraza la tathmini ya mazingira lilipoleta habari kwamba linakuja kusikiliza watu kuhusu mgodi wa almasi, chifu hakusumbuka kutafuta mkalimani. Alimkuta Adele dukani amebeba unga na kopo la mafuta, akamwambia, "Jumanne uvae vizuri. Wewe ndiye ulimi wetu."

"Ulimi gani, chifu? Mwenyewe bado nakosolewa nyumbani."

"Basi anayekukosoa atakuwepo. Utasemaje vibaya mbele yake?"

Aliyekuwa akimkosoa ni babu yake, mzee Narcisse, baba wa mama yake. Mama alifariki Adele akiwa na miaka minne, na mzee akamlea kwa msaada wa dada yake, Bibi Rosalie, mwanamke mfupi mwenye maneno makali na mikono isiyotulia. Shule ya bweni ilimrudisha Adele akiwa na Kidene nusu. Narcisse alimrudishia nusu iliyobaki taratibu, wakitega nyavu chini ya barafu, wakipasua kuni, wakisubiri chai ichemke. Hakuwa na haraka na neno. Akilikosea Adele, babu alilisema upya kana kwamba ni yeye amelikosea.

Narcisse alikuwa mwindaji, lakini kilichompa heshima ni kusema. Akisimama kwenye mkutano, hata mwenye kikohozi alitoka nje kukohoa. Na katika mambo yote aliyoyajua, alilolijua kuliko yote ni ekwo, wale paa wakubwa wa kaskazini wenye pembe za matawi, ambao kila vuli walishuka kutoka nyanda zisizo na miti kuja kujificha na baridi kwenye misitu yetu. Wadene tulikula nyama yao, tukavaa ngozi zao, tukahesabu miaka kwa safari zao. Zamani zile walipita siku tatu mfululizo bila kukatika, na mtu aliyelala hemani aliamshwa na mlio wa vifundo vya miguu yao, tik, tik, tik, kama mvua inayoanza.

Njia yao ilipita mahali tulipopaita Shingo, ukanda mwembamba wa ardhi kati ya maziwa mawili. Kampuni ilitaka kuchimba kando ya ziwa moja na kupitisha barabara ya malori juu ya Shingo yenyewe.

Kikao kilichukua siku tatu katika ukumbi wa shule. Joto la majiko, harufu ya viatu vya ngozi vilivyolowa theluji, birika kubwa la kahawa likinung'unika pembeni. Siku mbili za mwanzo Adele alitafsiri hotuba za wataalamu wa kampuni: vumbi, kelele, maji taka, asilimia hivi na hivi. Alirudi nyumbani kichwa kikimvuma. Siku ya tatu alasiri, zamu ya wazee ilipofika, mbingu ilikuwa imejifunga upande wa magharibi na rubani wa ndege ya baraza alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, akiangalia mara saa, mara dirisha.

Mwenyekiti, Bwana Ferris, mzee mpole mwenye upara, alisogeza kipaza sauti kuelekea Narcisse. "Mzee Kotsin, kwa maoni yako, mgodi huu na barabara yake vitaleta athari kubwa kwa ekwo?"

Hayo maneno mawili, athari kubwa, yalikuwa maneno ya sheria. Baraza likiandika kwamba athari ni kubwa, mradi unarudishwa kupangwa upya, au unakufa kabisa. Likiandika kwamba si kubwa, mradi unapita. Adele hakulijua hilo. Alichojua ni kwamba katika Kidene hakuna neno kama hilo, na watu mia wanamtazama. Akamgeukia babu yake akauliza kwa neno lililokuja kwanza:

"Babu, wanauliza, mgodi utawamaliza ekwo?"

Narcisse alikaa kimya mpaka mwenyekiti akadhani hajasikia. Kisha akasimama.

"Kuwamaliza? Hapana," akasema. "Nani anaweza kuwamaliza? Lakini nisikilizeni." Akaeleza. Majike wazee ndio wanaoongoza, alisema, na jike mzee hapendi kukanyaga kitu asichokijua. Atafika barabarani, atasimama, atanusa vumbi, ataanza kuifuata barabara pembeni akitafuta mwisho wake. Nyuma yake maelfu watamfuata. Watatembea siku nyingi bila kula, na matumbo yao yana mimba. Mwaka wa kwanza utaona ndama wachache, utasema ni baridi. Mwaka wa tano majike wanaoijua njia watakuwa wamekufa, na wanaobaki hawatakuwa na wa kumfuata. "Hapo mtakuja kutuuliza wameenda wapi. Chimbeni kwingine. Ningekuwa ninyi, nisingeigusa Shingo."

Alisema kwa dakika kumi hivi. Adele alikuwa akiandika kwenye karatasi, mkono unakimbia, lakini babu yake hakuwa mtu wa kukatizwa katikati, na yeye hakuthubutu. Mzee alipoketi, rubani aliingia hatua mbili ndani ya ukumbi.

"Kwa kifupi tu, binti," mwenyekiti akamwambia Adele kwa sauti ya chini. "Tusipoondoka sasa, tunalala hapa siku nne. Amesemaje?"

"Amesema hapana," Adele akajibu. "Amesema hawatamalizika. Halafu amesema..."

"Vizuri sana. Mwambie tunamshukuru kwa hekima yake."

Watu wakapiga makofi. Kipaza sauti kikahamishwa, makaratasi yakakusanywa, na baada ya robo saa ndege ilikuwa imeshaacha barafu ya ziwa. Adele alibaki na karatasi yake mkononi. Alijiambia kwamba yote yamo kwenye kanda, na kwamba watu wakubwa kama wale hawawezi kuamua jambo bila kusikiliza kanda.

Jioni walikula samaki wa kuchemsha. Narcisse alikuwa amechangamka kama kijana.

"Umewaambia yote? Na ile ya majike wazee?"

"Yote, Babu."

"Na ya Shingo?"

"Na ya Shingo."

Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akakiokota kichwa cha samaki, kipande anachopewa mgeni wa heshima, akamwekea kwenye sahani yake. Adele alikila chote. Miaka mingi baadaye alisema kwamba kitendo kile cha kula ndicho kilichomfunga mdomo, kwa sababu angesemaje tena baada ya pale?

Mgodi ukapita. Baraza liliandika kwamba athari hazitakuwa kubwa.

Adele alikwenda chuo miaka miwili, akasomea wanyamapori, na idara ya serikali ikamwajiri kama fundi msaidizi, Mdene wa kwanza kutoka Kwetsoti kupata kazi ile. Kijiji kilimpikia karamu. Alikuwa na furaha ya kweli, hilo lazima lisemwe, kwa sababu aliipenda kazi ile tangu asubuhi ya kwanza. Kila Juni walirushwa kwenda kaskazini ya mbali, mahali majike wanapozalia, na kupiga picha kutoka angani. Kisha miezi mizima alikaa mezani na kioo cha kukuza, akiweka alama nyekundu juu ya kila kitone. Kitone kimoja, ekwo mmoja. Hesabu yake ya kwanza ilikuja laki tatu na elfu arobaini. Alimpigia babu simu ya dukani kumwambia. Narcisse akacheka. "Mimi ningekwambia bila ndege. Ni wengi."

Barabara ilikamilika mwaka wa nne. Vuli ya mwaka ule Adele alikuwa katika ndege ndogo juu ya Shingo, na pale chini, katika theluji ya kwanza, aliona nyayo za kundi zima zimekuja moja kwa moja kutoka kaskazini mpaka kwenye tuta la barabara. Hapo zikapinda. Zilifuata tuta upande wa mashariki kilomita baada ya kilomita, pana kama mto, na hakuna palipovuka. Rubani alisema, "Tazama walivyogeuka kwa upole, kama ng'ombe." Adele alikuwa anasikia sauti ya babu yake neno kwa neno, hata pumzi alizovuta kati ya sentensi.

Aliandika alichokiona. Ripoti ikapokelewa, ikapigwa muhuri, ikawekwa. Mkuu wake akamwambia kwamba mwaka mmoja hautoshi kusema kitu, na kitaalamu hakukosea. Hesabu iliyofuata ilikuja laki na elfu themanini. Ya baadaye, elfu tisini.

Lakini kilichomla Adele hakikuwa hesabu. Kilikuwa nyumbani.

Tangu mgodi upite, Narcisse alikuwa ameacha kusema mikutanoni. Hakugombana na mtu, wala hakutangaza chochote. Chifu alipokuja kumwita kwenye mkutano, alisema mguu unamuuma. Alipoitwa tena, alisema waende vijana. Siku moja Adele alimkuta ameketi dirishani, ananoa kisu kilichokuwa kimeshanoleka.

"Babu, wanakusubiri ukumbini. Wamesema hawaanzi bila wewe."

"Waanze tu."

"Unaumwa?"

Mzee aliendelea kunoa. "Najiuliza nilikosea wapi siku ile. Nilisema polepole. Nilisema mpaka mwisho. Baba yangu alinifundisha, mtu asiyekubaliana nawe bado atakuonyesha kwamba amekusikia. Wale hawakuonyesha kitu. Ni kama sikufungua mdomo." Akakipima kisu kwa kidole gumba. "Labda maneno yangu yameishiwa nguvu. Inatokea. Mtu anazeeka, macho yanakwenda, na maneno nayo yanakwenda. Sasa nisimame tena ili iweje? Niwaaibishe?"

Adele alikuwa amesimama na koti lake bado limefungwa vifungo. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Alilijua hilo vizuri kama anavyojua jina lake. Alifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Hujazeeka, Babu."

"Nenda mwanangu. Watakuhitaji utafsiri."

Narcisse alifariki majira ya kuchipua, mwaka wa saba wa mgodi, kifua kikiwa kimejaa maji. Siku za mwisho alizungumza na Bibi Rosalie tu, tena kwa maneno machache. Adele alikuwa amemshika mkono. Hakumwambia.

Baada ya mazishi aliomba kuhamishwa kitengo. Hakutaka tena vitone. Wakampeleka upande wa tathmini, ofisini Yellowknife, ambako kazi yake ilikuwa kusoma maandiko ya kampuni na kuandika maoni ya serikali. Aliolewa, akaachika, hakupata mtoto. Wenzake walimjua kama mtu asiyeacha sentensi ipite. Akikuta "wakazi wameridhika", anapiga simu kuuliza mkazi gani, ameridhika na nini, aliulizwa kwa lugha gani. Makampuni yalimchoka. Vijana wa ofisini walimwita "Bi Ushahidi", na yeye akajifanya hasikii.

Ilikuwa Februari, miaka kumi na tano tangu kile kikao cha Kwetsoti, mezani kwake lilipofika ombi la kupanua mgodi: shimo la pili, na barabara ndefu zaidi. Kurasa elfu mbili. Alizisoma kama kawaida yake, na katika sura ya wanyamapori akakuta sentensi hii: "Wazee wa Kwetsoti, wenye ujuzi wa jadi wa eneo hili, walithibitisha kwamba mradi hautakuwa na athari kubwa kwa ekwo." Chini yake palikuwa na tarehe, ukurasa wa kumbukumbu za kikao, na jina la mzee aliyethibitisha. Narcisse Kotsin.

Aliuchomoa ukurasa ule. Kisha akaenda kugonga mlango wa mkuu wake.

Mkuu wake wakati ule alikuwa Hugh Tarrant, mtu wa kusini, mnyoofu, mwenye kupenda mambo yaishe salama.

"Hii sentensi ni ya uongo," Adele akasema, akaweka ukurasa mezani.

Hugh akasoma. "Lakini imo kwenye kumbukumbu rasmi, Adele. Mzee mwenyewe aliulizwa, akasema hapana."

"Aliulizwa kitu kingine. Na alichosema hakikuandikwa."

"Unajuaje?"

"Mkalimani nilikuwa mimi."

Hugh akavua miwani. "Unaelewa unachotaka kukifanya? Unaniambia tuandike rasmi kwamba ofisa wa serikali alitafsiri vibaya kwenye kikao kilichopitisha mgodi. Wanasheria watakurarua. Watasema miaka yote hiyo ulikuwa wapi."

"Watakuwa na haki ya kuuliza."

"Unaweza kuiacha. Tupinge upanuzi kwa takwimu, zipo za kutosha. Hakuna haja ya kujichoma mwenyewe."

"Hugh, hilo ni jina la babu yangu."

Kanda ilipatikana katika ghala la nyaraka, ndani ya boksi lililoandikwa jina la kijiji kingine. Adele aliisikiliza peke yake katika chumba kidogo chenye zulia ukutani la kuzuia sauti. Kwanza alisikia kelele za viti. Kisha sauti ya msichana wa miaka ishirini, nyembamba, yenye haraka: "Babu, wanauliza, mgodi utawamaliza ekwo?" Kisha kimya kile kirefu. Kisha yeye mwenyewe, Narcisse, mzima, sauti imejaa, hana kikohozi. Adele aliisimamisha kanda mara kumi na tisa kabla ya kufika mwisho. Alitumia siku nne kutafsiri dakika kumi. Kwa kila neno aliloliona gumu alimpigia mtu mmoja tu aliyebaki ambaye angelijua, naye ni Bibi Rosalie, bila kumwambia ni la nini. Aliambatanisha tafsiri na barua yenye jina lake na saini yake: nilitafsiri vibaya swali, nilikatisha jibu, na nilijua.

Baraza lilirudi Kwetsoti mwezi Mei. Ukumbi ulikuwa ule ule, rangi mpya. Adele aliomba kusema kabla ya wataalamu, akasema kwa Kidene kwanza, ili watu wake wasiwe wa pili kulisikia jambo hili. Hakujitetea kwa rubani, wala kwa dhoruba, wala kwa umri wake. Alieleza swali alilopewa atafsiri na swali alilouliza. Kisha akasoma maneno ya babu yake yote, dakika kumi, mpaka mwisho.

Alipomaliza, Bibi Rosalie alinyanyuka mstari wa mbele. Alikuwa na miaka themanini na minne.

"Kwa hiyo yote yale yaliishia kwako?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na wewe ulimwambia umeyafikisha."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwepo. Nilikuwa napakua supu." Sauti yake haikupanda. "Kaka yangu aliketi dirishani miaka saba akidhani ulimi wake umekufa. Kila asubuhi nilimwona. Nilimwambia, Narcisse, huenda hawa watu ni wajinga tu. Akasema hapana, Rosalie, ni mimi. Unasikia? Alisema ni mimi. Na wewe ulikuwa unaingia na kutoka na buti za serikali. Leo umejua kutafsiri!"

"Bibi, naomba..."

"Usiniombe kitu." Akachukua skafu yake, akatoka. Watu walimpisha njia.

Upanuzi haukupita kama ulivyoombwa. Baraza lilikataa barabara mpya, likaamuru ile ya zamani ifungwe kwa malori kila vuli na kila majira ya kuchipua. Katika uamuzi wake lilinukuu kurasa mbili nzima za maneno ya Narcisse Kotsin. Magazeti yalimwandika Adele, mengine kama shujaa, mengine kama mzembe. Wanasheria walimhoji siku mbili, na walimrarua kama Hugh alivyosema. Kazi hakufukuzwa. Hugh mwenyewe alimpeleka uwanja wa ndege baada ya mahojiano, akambebea mkoba.

Bibi Rosalie hakuzungumza naye majira mawili ya baridi. Adele alikwenda Kwetsoti kila alipopata likizo, akaacha unga na majani ya chai barazani, akarudi. Safari ya tano mlango ulifunguka kidogo.

"Unaacha vitu hapo kama mbwa anayeleta mifupa. Ingia ndani, baridi inaingia."

"Bibi, nataka kusema po..."

"Ukisema pole tena nakufungia nje. Kuni zimeisha. Shoka lipo pale pale."

Basi akakata kuni. Jambo lile halikuzungumzwa tena, na Adele hakuwahi kujua kama amesamehewa au amevumiliwa tu. Alikuja kuona kwamba hana haki ya kuuliza.

Miaka ile ndiyo ekwo walipokwisha karibu kabisa. Hesabu ilikuja elfu thelathini, kisha elfu nane. Picha zilizokuwa zikijaza meza miezi sita, sasa zilihesabiwa kwa asubuhi mbili. Na hapa ndipo palipokuwa na mwiba ambao Adele hakuweza kuung'oa. Wataalamu hawakukubaliana juu ya sababu. Wengine walisema joto limebadilisha majani, wengine moto wa misitu, wengine mbwa mwitu, wengine bunduki zetu wenyewe. Barabara ilikuwa sababu moja katika nyingi, na hakuna aliyejua ni kubwa kiasi gani. Kama wangesema ni barabara peke yake, angejua uzito wa kosa lake, angelibeba lote. Kama wangesema si barabara, angepumua. Hakuna aliyeweza kumwambia. Yeye mwenyewe, aliyezisoma ripoti zote, hakuweza kujiambia.

Serikali ikafunga uwindaji wa kundi lile kabisa. Barua ya kuwaeleza Wakwetsoti iliandikwa na kitengo chake, na kwa kuwa ndiye aliyejua lugha, alitumwa kuisoma. Aliisoma. Hakuna aliyepiga kelele. Mwanamume mmoja wa rika lake, aliyesoma naye, alisema tu, "Sasa mwanangu nitamfundisha nini?" na hakungoja jibu.

Bibi Rosalie alilazwa kitandani na ugonjwa mwaka uliofuata. Kabla ya hapo, kwa miezi, chakula kilikuwa kinamchukiza. Kijijini watu walimnong'oneza Adele kwamba kule magharibi, kwenye kundi jingine, kibali cha kuwinda kinaweza kupatikana, na kwamba hata hili letu, mnyama mmoja kwa bibi anayekufa, nani atauliza? Adele aliketi kando ya kitanda.

"Bibi, nikutafutie mchuzi wa ulimi wa ekwo? Ule uliokuwa unatupikia."

Rosalie alifumbua macho. Alimtazama mjukuu wa kaka yake, ambaye nywele zake nazo zilikuwa na mvi.

"Usiniletee."

"Nitaomba ruhusa. Sitaiba."

"Najua huwezi kuiba, wewe hata mwiko wangu huwezi kuuazima bila kuniandikia barua." Akacheka kidogo, kikohozi kikamkatiza. "Wewe ndiye unayejua idadi yao. Ukiniletea mchuzi ule, nitakunywa huku najua ni wa mmoja kati ya wangapi. Mchuzi haunywewi hivyo. Nipe chai."

Akampa chai. Karamu ya mazishi ya Rosalie ilikuwa ya kwanza kijijini, kwa kumbukumbu za wote walio hai, ambayo haikuwa na nyama ya ekwo. Walikula samaki, kuku wa dukani, na mkate wa kikaangoni. Adele alipakua, sahani baada ya sahani, na kila aliyepokea alisema asante kwa adabu, jambo lililomuumiza kuliko kama wangelalamika.

Alibakiza miaka miwili kustaafu almasi zilipokwisha na mgodi ukafungwa. Idara ilimtuma kwenye ukaguzi wa kufunga. Ilikuwa Julai, jua halizami, nzi wamejaa hewani kama moshi. Helikopta iliwashusha kwenye barabara, juu ya Shingo: yeye na ofisa wa kampuni, kijana mchangamfu aitwaye Colby, ambaye alikuwa bado hajazaliwa wakati wa kile kikao.

Mbele yao, katikati ya changarawe, alikuwa amesimama ekwo mmoja, jike, na ndama wake. Adele alikuwa hajamwona ekwo kwa karibu, akiwa chini kwa miguu yake, kwa zaidi ya miaka sita. Manyoya ya majira ya baridi yalikuwa yanamtoka jike mabegani kama tambara. Ndama alikuwa ananyonya kwa kusukumasukuma. Upepo ulipiga barabarani pale kwa nguvu, na wale wawili walikuwa wameuelekezea pua.

Colby akatoa simu haraka akaanza kupiga picha. "Unaona, Bi Kotsin? Unaona? Watu wanasema wanaiogopa. Tazama walivyotulia! Wanaipenda kabisa. Hii lazima iingie kwenye ripoti."

"Itaingia," Adele akasema.

Akatoa daftari. Aliandika tarehe, saa, mwendo wa upepo. Aliandika: jike mmoja, amekonda, mbavu zinaonekana, ana ndama mmoja. Wamesimama juu ya tuta kwa sababu tuta limeinuka na lina upepo, na upepo unapunguza nzi. Hawakuonekana ekwo wengine katika eneo lote tulilozunguka, kwa saa tatu. Kisha akamsomea Colby yote aliyoandika, polepole, mpaka mwisho.

Colby akashusha simu. "Hiyo ya nzi unaijuaje?"

"Niliambiwa nikiwa mdogo. Halafu nikaisomea."

"Inasikika kama huzuni tupu, ukiiandika hivyo."

"Weka na picha yako," Adele akasema. "Yote mawili yaende."

Walingoja kando ya helikopta, kwa sababu rubani hakutaka kuwasha injini na kuwashtua. Ilichukua karibu saa nzima. Hatimaye upepo ulilegea, nzi wakarudi, na jike akaanza kutikisa kichwa na kupiga miguu chini. Alitembea hatua chache kulia, akasimama, akarudi kushoto. Ndama akamfuata huku na huku. Kisha akateremka tuta upande wa mashariki na kuanza kwenda kando kando ya barabara, pua chini, peke yake na mtoto wake, na Adele akawatazama mpaka hawakuonekana tena.